Kioski kwanza, manyunyu baadaye: shajara ya bustani ya mtaa, Tabora

Februari

Kamati inayofufua uwanja wa manyunyu, yaani uwanja wa watoto kuchezea maji, imeniomba niandike kila hatua, ili baadaye mtu asiseme mambo yalipangwa chumbani. Basi naanza na tulichokikuta.

Nyuma ya ofisi ya mtaa kuna bustani yenye miembe mikubwa minne, bembea iliyobaki minyororo, na uwanja wa manyunyu uliojengwa na mfadhili aliyekuja na mchoro wake tayari. Sakafu ya marumaru, mita nane kwa nane, matundu kumi na manne ya kurushia maji, na kibanda cha pampu kisicho na pampu. Ulifanya kazi kiangazi kimoja. Pampu ikaungua, marumaru yakapasuka, na sasa mbuzi wa jirani ndio wanaolala pale mchana kwa sababu kigae ni baridi.

Fundi bomba wetu alipata nakala ya mchoro ule wa zamani. Kila tundu lilipangiwa lita 12 kwa dakika. Matundu kumi na manne yanafanya lita 168 kwa dakika, yaani lita 10,080 kwa saa. Tulipoigeuza kuwa ndoo za lita 20 tukapata ndoo 504. Kwa saa moja! Kwa mtu aliyekulia Tabora hesabu hiyo haihitaji maelezo. Maji ya Ziwa Victoria yamefika kupitia Nzega na mabomba yanatoka kuliko zamani, lakini watu wazima wa hapa bado wanakumbuka kuamka alfajiri kupanga foleni wakati bwawa la Igombe limeshuka. Hakuna mama atakayetazama ndoo 504 zikimwagika akakaa kimya.

Tulichimba pia pembeni ya sakafu kuona kwa nini ilipasuka. Chini ni udongo wa mbuga, ule mweusi unaovimba masika na kuachia nyufa kiangazi. Zege jembamba lililomwagwa juu yake bila kuutoa lisingedumu, hata lingewekwa marumaru ya dhahabu.

Machi

Mkutano wa mtaa chini ya mwembe. Mwenyekiti alifungua, mtendaji akasoma ajenda, nikasimama na swali langu: mnataka uwanja wa manyunyu wa namna gani?

Kimya. Kisha mama mmoja anayeuza maandazi karibu na kioski cha maji akanyosha mkono. "Mwanangu, shikamoo yako nimeipokea. Ila kioski chenyewe mnafunga kabla ya magharibi mkituambia maji yamekwisha. Hayo ya kuchezea yatatoka wapi?"

Walipiga makofi. Baada yake mzee mmoja akapendekeza tufukie shimo tujenge fremu za maduka, zilete kodi. Vijana wakataka banda la kuangalia mpira. Baba mwingine akasema watoto wa siku hizi wanadekezwa, yeye alicheza kwenye madimbwi na hajafa. (Kichocho hakimwui mtu siku hiyohiyo, mzee wangu, ila nilinyamaza.) Yote nimeyaandika kwenye daftari la mtaa. Hatukupiga kura, na sidhani ilikuwa siku ya kura. Swali la yule mama ndilo lililobaki mezani, na tangu siku hiyo nimeacha kuuliza watu wanataka manyunyu gani. Nauliza maji yatagawanywaje.

Jambo jingine nililoliona: mkutanoni waliozungumza wengi walikuwa wanaume, wakati wanaochota maji ni wanawake na wanaocheza ni watoto. Mazungumzo yanayofuata yatafanyika kioskini asubuhi, kisha pamoja na watoto baada ya madrasa.

Kioskini mambo yalikuwa mengine kabisa. Hakuna aliyekataa manyunyu. Bibi mmoja aliniitikia salamu ya asubuhi, "mwangaluka," na kunikalisha juu ya ndoo yake iliyopinduliwa, akaniambia wajukuu zake mwezi wa kumi wanashinda wamelala sakafuni kwa joto, na kwamba yeye mwenyewe angepita hapo akaloweshe miguu kama watu hawatamcheka. Walichokitaka akina mama ni kitu kimoja: siku maji yakiwa haba, ndoo ya kupikia isishindane na mchezo.

Aprili

Mvua zinaisha. Kazi ya mwezi huu imekuwa ya mezani: kuamua maji yazunguke au yapite.

Njia ya kwanza ni kuzungusha. Maji yanayomwagika yanaingia tangini chini ya ardhi, yanachujwa, yanatiwa klorini, pampu inayarudisha. Hotelini na mijini mikubwa ndivyo wanavyofanya, na kwa lita inaokoa sana. Kijana wetu mmoja aliyesoma chuo aliipigia debe kwelikweli. Tatizo ni kwamba maji yale yanakuwa yameosha watoto hamsini, wengine wakiwa na nepi. Klorini lazima ipimwe kila siku, zaidi ya mara moja, isishuke chini ya miligramu moja kwa lita. Na kuna kimelea, Cryptosporidium, kinachostahimili klorini ya kawaida ya bwawa kwa siku kadhaa. Mwaka 2005 kwenye uwanja wa manyunyu wa Seneca Lake, jimbo la New York huko Marekani, maji yaliyokuwa yakizungushwa yaliwaharisha watu zaidi ya 2,000. Baada ya hapo jimbo lile likalazimisha viwanja vyake kuweka taa za mionzi ya UV za kuua vimelea. Hao wana maabara, wana wakaguzi na umeme usiokatika. Sisi tuna fundi mmoja na mzee wa funguo.

Afisa afya wa kata aliuliza swali moja tu: siku dawa ikiisha na hela ya kununua nyingine haijapatikana, nani atafunga? Wote tukatazamana. Kila mmoja anajua watoto wangekuwa wamesimama getini, na mwenye funguo ni babu yao.

Njia ya pili ni maji kupita mara moja kutoka bombani hadi mferejini. Ni safi kwa sababu ni maji yaleyale tunayokunywa, ila yanakwenda mengi.

Tulichoafikiana kiko katikati. Maji yapite kwa mtoto mara moja tu, yawe machache sana, na yakitoka hapo yaende kwenye miti. Yatumike mara mbili, lakini si kwa mtoto mara mbili. Pia hakuna pampu. Tangi likiwa juu ya mnara wa mita nne maji yatashuka yenyewe, na msukumo huo (kila mita kumi za kimo ni kama bar moja, kipimo cha msukumo) unarusha maji hadi kifuani mwa mtoto na si zaidi. Umeme hautakuwapo kabisa mahali palipo na miguu mitupu iliyolowa. Kijana wa chuo hakufurahi, lakini ndiye aliyekubali kuchora.

Mei

Huu ndio mwezi niliofurahia zaidi.

Tulichora uwanja kwa majivu ardhini, ukubwa wake halisi, kamba ya katani ikiwa kipimo. Fundi akatoboa mpira wa bustani kwa msumari wa moto, tukaulaza ndani ya duara na kuuunga kwenye pipa lililowekwa juu ya gari la mkokoteni. Kisha tukawaachia watoto. Mchoro wa karatasini unawafanya watu wazima waseme "safi sana." Majivu na maji ya kweli vinawafanya watoto waonyeshe kosa liko wapi.

Wakubwa waliziba matundu kwa nyayo, maji yakaruka upande na kumpiga mdogo usoni. Basi matundu ya katikati yatakuwa mapana yenye maji laini, hakuna tundu jembamba linalotoa maji kama sindano. Wadogo wa miaka miwili mitatu hawakuingia ndani hata kidogo. Walikaa ukingoni maji yanakotiririka wakapiga-piga kwa viganja, kwa hiyo upande mmoja tutawawekea matundu matatu yanayochuruzika tu. Mvulana anayetumia kiti cha magurudumu alifika kwenye mstari wa majivu na kupita bila kusimama, kwa kuwa hapakuwa na ukingo. Fundi alikuwa amepanga ukingo wa matofali kuzuia maji yasitoke. Alimtazama yule mtoto, akaufuta kwa mguu bila mtu kumwambia.

Na kuna binti asiyesikia, yuko likizo kutoka shuleni. Tabora ina shule ya viziwi ya tangu 1963, kwa hiyo watoto kama yeye si wageni hapa mjini. Mtu wa kupuliza filimbi kutangaza kwamba maji yanakuja alipopuliza, wenzake wote walikimbia kuingia na yeye akabaki nyuma akishangaa. Mama yake akasema kwa upole, "Wekeni kitu anachoweza kukiona." Nimekiandika kwa wino mwekundu.

Mchoro wa zamani ulitaka mwembe wa upande wa magharibi ukatwe. Hilo halikuhitaji mjadala. Uwanja umesogezwa, na mwembe sasa utautia kivuli kuanzia alasiri.

Juni

Swali la yule mama wa maandazi lilikuwa bado halijapata jibu la kweli. Tulikuwa na kanuni nzuri ya maandishi: maji yakiwa machache, manyunyu yafungwe. Kwenye kikao, mzee mmoja mstaafu wa reli aliisoma, akavua miwani.

"Karatasi haifungi koki," alisema. "Atakuja mtoto wa mkubwa, atakuja mgeni na kamera, atafunguliwa."

Akaomba kalamu na kuchora tangi. Bomba la kioski akalitoa chini kabisa. Bomba la manyunyu akalitoa ubavuni, juu zaidi ya nusu. Tangi likijaa, yote mawili yanatoa. Maji yakishuka chini ya tundu la ubavuni, manyunyu yanakufa yenyewe na kioski kinaendelea. Hakuna wa kumwomba, wala hakuna wa kumlaumu.

Nimekaa na michoro ya wataalamu miezi kadhaa na sijaona kitu cha maana kama kile. Tangi ni la lita 10,000. Tundu la manyunyu litakuwa kwenye mstari wa lita 6,000, kwa hiyo watoto wanaweza kutumia 4,000 za juu tu, basi. Wengine walitaka mstari uwe kwenye 5,000, akina mama wakashika 6,000, na nikapendezwa walivyoshika. Mama wa maandazi aliuliza kama tundu linaweza kushushwa baadaye kinyemela. Fundi akamjibu kwamba kutoboa tangi ni kazi inayoonekana na mtaa mzima.

Kuna faida nyingine ambayo afisa afya aliitaja. Maji yakilala tangini siku nyingi kwenye joto, klorini yake inapotea. Kioski kinachochota kila siku ndicho kinachofanya maji ya watoto yawe mapya.

Julai

Kuchimba. Udongo wa mbuga umetolewa hadi tukafika kwenye ardhi ngumu, ukajazwa moramu kwa matabaka, kila tabaka likashindiliwa na maji kidogo. Nguzo za mnara zimepewa msingi wake wenyewe, maana tangi likijaa ni tani kumi za maji peke yake bila plastiki. Mwinamo wa sakafu ni milimita 15 kwa kila mita kuelekea mfereji wa kati, na fundi aliuhakikisha kwa mpira wenye maji kutoka ukingo hadi ukingo. Zege limepigwa fagio la chelewa kabla halijakauka ili liwe na mikwaruzo. Marumaru hatutaki kuyaona tena.

Vijana wa banda la mpira walishindilia moramu siku mbili za mwisho wa wiki. Hawakulipwa, ila walikula.

Agosti

Sasa kile kitu cha kuonekana.

Hatutaki koki ya kushikwa na watoto, itavunjika au itaachwa wazi. Fundi alileta wazo analolijua kutoka vyoo vya shule, lile tangi dogo la kusafishia mikojo linalojaa polepole kisha kujimwaga lote kwa mkupuo. Ndani yake hakuna mashine, kuna saifoni tu: bomba lililopinda ambalo maji yakifika kwenye kona yake ya juu yanaanza kujivuta yenyewe, na hayaachi hadi pipa liishe na hewa iingie. Aliyewahi kunyonya petroli kwa mpira anaijua kazi hiyo.

Tumeweka pipa la lita 80 juu ya mnara, kando ya tangi. Linajazwa lita nane kwa dakika, kwa hiyo linajaa kwa dakika kumi. Likifika juu linajimwaga kwenye matundu tisa kwa muda wa dakika moja na nusu hivi, kisha linaanza kujaa upya. Kwa saa nzima haifiki lita 500, ndoo 25. Wekeni kando ya zile 504.

Mwanzoni saifoni ilikataa. Badala ya kumwaga, maji yalikuwa yanachuruzika kidogo kidogo kupitia kona bila kuvuta. Bomba lilikuwa pana mno, inchi mbili, na lita nane kwa dakika hazikuweza kulijaza shingo ili hewa itoke. Fundi akabadilisha shingo kuwa inchi moja na kuipinda zaidi upande wa chini. Ilipovuta kwa mara ya kwanza, mlio wake ulisikika hadi barabarani.

Ubavuni mwa pipa tumefunga bomba angavu la plastiki linaloonyesha kimo cha maji, na ndani yake unaelea mpira mdogo mwekundu. Mpira unapanda, watoto wanautazama, ukifika juu maji yanakuja. Binti asiyesikia alikuwa amesharudi shule tulipoufunga. Mama yake alikuja, akatazama mpira ukipanda hadi juu, akapiga picha ya kumpelekea.

Pipa liko wazi juu na bomba linalolijaza halifiki kwenye maji. Hata bomba la mtaa likikosa msukumo, hakuna tone la uwanjani linaloweza kunyonywa kurudi kwenye maji ya kunywa. Hilo mkaguzi alilitaka kuliko yote.

Septemba

Majaribio bila watoto kwanza. Sakafu ya zege saa nane mchana, jua la Tabora likiwa utosini, iliniunguza nyayo. Dawa yake imekuwa chokaa nyeupe kwenye njia za kuingilia, na ukweli kwamba mkupuo mmoja unaipoza kabla watoto hawajafika katikati.

Maji yanayotoka yanaingia chemba ya mchanga, halafu kwa mfereji hadi kwenye miche ya mipapai na miembe iliyopandwa upande wa barabara. Chemba ina wavu na inakaushwa kabisa kila Jumapili jioni. Mbu wa malaria kwa kawaida huchukua zaidi ya wiki kutoka yai hadi kuruka, kwa hiyo dimbwi lisiloruhusiwa kufika wiki halimfai.

Saa za kufungua zilituchukua kikao kizima. Msikiti uko jirani, watoto wengi wako madrasa alasiri siku za kazi, na saa za jioni ndizo kioski kina foleni ndefu. Mwisho: siku za kazi, saa kumi na nusu hadi saa kumi na moja na nusu. Jumamosi na Jumapili, kuanzia saa nane mchana hadi adhana ya alasiri. Imamu alisema ikipita dakika tano hatakuja kugomba. Funguo ya koki kuu anayo mzee wa reli, na nakala iko kwa mama wa maandazi. Nakala hiyo ilipendekezwa na mzee mwenyewe.

Oktoba

Umefunguliwa. Hatukukata utepe, kwa kuwa watoto walikuwa wameshaingia.

Jumamosi ya kwanza tangi lilikuwa limejaa hadi mfuniko na kila kitu kilikwenda. Katikati ya wiki iliyofuata mgao wa maji ulibana, tangi likashuka hadi mstari wa 6,000 kabla ya saa kumi na moja. Mpira mwekundu ukapanda nusu, ukasimama. Watoto wakamgeukia mzee wa reli wakimzonga: "Babu, fungua!" Akawaonyesha koki, iko wazi. Akawaonyesha tundu lililo ubavuni mwa tangi. Mkubwa mmoja wao akapanda ngazi hadi kwenye tangi, akagonga tangi kwa kiganja kutoka juu kwenda chini hadi mlio ulipobadilika, akashuka na kuwaambia wenzake maji ni ya kioski. Wakaenda kurusha mawe kwenye maembe mabichi, jambo ambalo nalo linahitaji kikao chake.

Kioski siku hiyo kilitoa maji hadi kwa mtu wa mwisho.

Bado kuna mambo mawili. Bili: kwa sasa mita ni moja kwa kioski na manyunyu, na kamati inataka mita ndogo kwenye bomba la ubavuni ili kila mwenye kuuliza aonyeshwe lita. Fundi ameshatafuta bei. La pili ni wavu wa kuzuia majani kwenye mfereji wa kati, maana mvua zikianza Novemba maembe yataanguka humo ndani, na kokwa moja inatosha kuziba. Mwenyekiti ameahidi nondo, welda ameomba apewe vipimo kabla ya Ijumaa.